Begi Lililoshika Foleni

Cabeço da Urze, 24 Machi 2021

Dada Deolinda,

Za huko ugenini kwenye baridi? Mgongo wa shemeji Armindo unaendeleaje? Mwambie mashine ya kubeba matofali ilishabuniwa siku nyingi, aache kushindana nayo. Sisi huku tupo, tunadunda.

Umesema simu hutaki tena, unataka barua, eti kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichoniuliza. Haya bwana. Ila unajua shule niliachia la nne, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Ukishindwa kusoma, mlaumu kuku.

Mama mkubwa Felismina goti linamsumbua, ila mdomo uko fiti. Jumapili alifika kanisani kabla ya mwenye funguo, akakaa kwenye ngazi na mwavuli wake. Padri kushuka kwenye gari, anaambiwa, "Baba, umechelewa." Padri wa watu alikuwa amewahi robo saa! Unamjua mwenyewe. Basi la saa nne yeye yuko kituoni tangu saa tatu. Mama alikuwa anasema dada yake alizaliwa miezi saba kwa kuogopa kuchelewa.

Sasa habari yenyewe. Kaa chini. Mdogo wako amekuwa mkubwa. Halmashauri wamepita vijiji vyote vya huku msituni, kila kijiji kichague mtu wa kuongoza wenzake siku ya moto. Tulikaa mgahawani kwa Odete, watu kumi na wawili tuliobaki, tukaanza kutazamana. Kumi kati yetu wamepita sabini. Odete akasema, "Zeferino ndiye mwenye miguu." Basi, nimechaguliwa kwa miguu. Wamenipa kizibao kinachong'aa, filimbi, kipaza sauti cha mkononi, na ufunguo wa shule yetu ya zamani. Shule ndiyo kimbilio. Kuta za mawe, uwanja wa saruji, moto ukija watu wote humo ndani. Kipaza sauti nimeshakijaribu. Nilipita nacho nikiuza mbegu za viazi, zikaisha kabla ya saa sita. Mama mkubwa akanifungulia dirisha: "Wewe, hicho wamekupa cha kuokolea watu au cha kuwauzia?" Nikamjibu, "Vyote, mama mkubwa. Mteja akifa nitamuuzia nani?"

Wasalimie watoto.

Mdogo wako mwenye cheo,
Zeferino


Esch, 13 Aprili 2021

Mdogo wangu Zeferino,

Barua nimepata, kuku nimemsoma. Armindo mgongo ni ule ule, anashinda amejikunja kama ndoano na kazini anakwenda. Watoto wazima. Beatriz kaanza kunijibu Kifaransa nikimgombeza, nami namwongezea Kireno cha Cabeço mpaka ananyamaza.

Cheo chako kimenichekesha. Kicheko kilipoisha nikakosa usingizi. Mimi na wewe tulimwona baba mwaka ule alivyorudi toka mlimani na nyusi zimeungua. Miaka hiyo kulikuwa na mbuzi wa kula vichaka na watu wa kuokota kuni. Sasa mashamba yote ni ya watu kama mimi, tuko mbali, na mikaratusi inaota mpaka ukingoni mwa barabara. Sijisifii kwa hilo.

Nakuuliza mambo mawili, nijibu mawili. Moja, mita hamsini kuzunguka nyumba ya mama mkubwa umefyeka? Mwisho wa mwezi huu ndiyo mwisho uliowekwa na sheria. Pili, hiyo shule ni safi, na iko tupu?

Dada yako,
Deolinda


Cabeço da Urze, 9 Mei 2021

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa, huyu kuku wangu alikuwa analalia mayai. Shemeji nimempatia dawa ya mgongo, asali na pombe ya matunda ya mlimani. Asali ajipake, pombe anywe. Asichanganye maelekezo.

La kwanza: nimefyeka! Mita hamsini kamili, kwa mashine, siku nne, nikabaki na mgongo kama wa mumeo. Mama mkubwa alinisimamia kwa kiti mlangoni. "Pale umeacha kichaka." "Mama mkubwa, ile ni kabichi yako." "Kabichi ni mbichi, haiungui. Kile cha nyuma yake." Nyumba yake sasa ndiyo safi kuliko zote kijijini, hata mjusi akipita anaonekana.

La pili: shule imekaguliwa na karatasi ipo. Huo ukaguzi ngoja nikusimulie, utacheka. Injinia Valdemar wa halmashauri kaja na viatu vyeupe. Usiku kucha mvua ilinyesha, njia ya shuleni tope mpaka kwenye enka. Mtu wa watu anatazama viatu vyake, anatazama tope, anatazama soseji za Odete zinavyochuruzika mafuta kwenye jiko.

"Zeferino," akaniuliza, "kimbilio liko sawa?"

"Sawa kama moyo wangu."

"Tupu?"

"Tupu kama mfuko wangu."

Akatia vema kwenye vyumba vyote vya fomu, glasi ya mvinyo ikiwa juu ya karatasi. Akasaini, nami nikasaini, mkuu mzima wa usalama. Odete akasema huo ndio ukaguzi mtamu kuliko wote aliowahi kuona.

Halafu kuna bahati nyingine. Unaikumbuka ile nyumba ya wageni kule bondeni, karibu na daraja? Imefungwa, na magodoro yote nimechukua mimi. Arobaini! Ya sponji, mazuri tu, machache yana madoa ya mapenzi ya watu. Mwezi wa nane mkija wote toka Ufaransa na huko kwenu, kila nyumba itakosa pa kulaza wajukuu, na nani ana magodoro? Zeferino.

Mwenye bahati,
Zeferino


Esch, 2 Juni 2021

Mdogo wangu,

Armindo kafuata maelekezo nusu. Kanywa.

Mama mkubwa kanipigia Jumapili. Kasema begi lake la moto lipo tayari nyuma ya mlango tangu tarehe moja Mei. Vitambulisho, dawa za presha, soksi, mishumaa miwili, biskuti na pakiti ya karata. Nikamuuliza karata za nini? Akaniambia, "Mwanangu, watu wakifungiwa ndani na hofu watagombana. Bora wagombane kwa karata."

Halafu akasema kitu kingine huku anacheka. Kasema, "Shule yetu imepata wanafunzi tena, Deolinda. Wamejaa mpaka darini, wamelaliana, na hakuna hata mmoja anayejua kusoma."

Zeferino, magodoro umeyaweka wapi?

Deolinda


Cabeço da Urze, 27 Juni 2021

Dada mpenzi,

Joto limeanza mapema, kuku wanatoa ulimi kama mbwa. Mama mkubwa mzima. Odete kapata feni mpya, anaitembeza mgahawani kama mtoto mchanga.

Magodoro yapo mahali pakavu, usiumize kichwa. Na siyo yangu peke yake yaliyopata hifadhi, kila mtu ana kitu chake. Kabla ya sikukuu ya Bikira, katikati ya Agosti, yatakuwa yameuzwa yote, patakuwa peupe. Siku hizi wewe unauliza kama polisi. Njoo mwezi wa nane ule sardini, uache kuuliza.

Zeferino


Esch, 4 Septemba 2021

Zeferino,

Salamu leo ni fupi. Tumefika salama. Watoto wanamlilia mama mkubwa kila mmoja kwa wakati wake, Armindo yeye analia bafuni kwa kufungulia maji, anadhani hatusikii.

Nilikaa Cabeço siku tatu. Siku zote tatu ulikuwa unagawa maji ya chupa. Makaburini ukagawa maji. Nikikusogelea, unakumbuka katoni nyingine ndani ya gari. Watu wananikumbatia, "Kaka yako shujaa, katuokoa watu ishirini na sita, katupeleka kwenye shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, pale kwenye udongo mtupu, moto ukapita pembeni." Nikasema Mungu asifiwe. Nasema hivyo mpaka leo.

Ila nimesoma karatasi ya halmashauri ya tarehe ishirini na nane. Imeandikwa hivi: kimbilio la kijiji lilikaguliwa na lilikuwa sawa. Na chini yake: marehemu Felismina, miaka themanini na moja, alikataa kuhama nyumbani kwake licha ya kusihiwa. Gazeti nalo likanakili, "ubishi wa wazee waua."

Mama mkubwa, Zeferino? Yule wa kumwambia padri kachelewa? Begi lake lilikaa nyuma ya mlango miezi mitatu na nusu. Kengele ya kwanza tu ya kanisa, huyo angekuwa mlangoni pa shule kabla hata wewe hujavaa kizibao. Nalala na hilo, naamka na hilo. Alifika. Sasa alipofika alikuta nini?

Na hayo maneno ya "alikataa" nani kawaambia?

Deolinda


Cabeço da Urze, 11 Oktoba 2021

Dada,

Natumaini mpo salama. Huku mvua ya kwanza imenyesha, majivu yote yameshuka mtoni, maji meusi kama kahawa ya Odete. Mbuzi sita walionusurika wanakula karatasi za msaada. Nimemwambia mmoja, hiyo fomu ukiimeza, dirisha la pili utapanga foleni tena.

Hapa tumechachamaa. Tangi la maji la halmashauri pale juu lilikuwa kavu, lina mijusi. Kingo za barabara hazijafyekwa miaka mitatu. Na kuna sheria ya kufyeka mita kumi kila upande! Zimamoto walikaa muda wa saa mbili na dakika kumi bila kufika, maana walipelekwa kijiji kingine. Chanzo mpaka leo hakijulikani, wengine wanasema radi kavu, wengine nyaya za umeme. Tarehe ishirini na saba Novemba kuna mkutano wa hadhara mjini, wakubwa wote watakuwepo. Napita na kipaza sauti nyumba kwa nyumba, watu wanasaini. Safari hii halmashauri watajibu, na jasho litawatoka.

Kuhusu mama mkubwa, dada, moshi ulikuwa mwingi. Mchana ulikuwa kama usiku. Mtu hakuona mkono wake.

Wasalimie wote,
Zeferino


Esch, 25 Oktoba 2021

Zeferino,

Nakurudishia barua yako. Kuna ukurasa umesahau kutia kwenye bahasha.

D.


Cabeço da Urze, 18 Novemba 2021

Dada Deolinda,

Kwa heshima nakusalimu, na shemeji, na watoto. Bahasha yako ilikaa mezani wiki tatu. Niliwekea sufuria juu nisiione. Odete akaja akainua sufuria, akasoma, akaniambia, "Zeferino, huyu dada yako angekuwa mkaguzi, tungekuwa wote hai." Akaondoka bila kuaga.

Ukurasa ndio huu. Hauna kuku wala utani, na ukiona utani umeponyoka ujue ni mazoea tu ya mdomo.

Magodoro yalikuwa shuleni. Yaliingia wiki moja kabla ya Injinia Valdemar. Nilipomwambia tupu kama mfuko wangu, yalikuwa mle tayari, na soseji hiyo nikaimeza. Nilisema mwezi wa saba nayatoa. Mwezi wa saba nikauza sita. Odete akaniomba niweke kreti zake za bia, nikasema weka. Mzee Quintino akaleta pampu yake ya petroli, nikasema weka. Kijiji kizima walijua shule imejaa, ndiyo maana mpaka leo kijiji kizima kimefunga mdomo.

Tarehe kumi na tatu Agosti, saa tisa mchana, moto ulitokea nyuma ya mlima. Niligonga kengele ya kanisa, nikapuliza filimbi, nikakimbia na ufunguo. Nafika mlangoni, mama mkubwa yupo. Kavaa koti la kwenda mjini, na joto lote lile! Begi mkononi.

"Umechelewa," akaniambia.

Nikafungua. Dada, usiku nikilala huwa naufungua tena mlango ule. Ukuta wa sponji kutoka sakafuni mpaka darini, na harufu ya petroli ikatoka ikatupiga. Mama mkubwa akasogea, akalibonyeza godoro moja kwa kidole kama anapima mkate.

"Na mimi nikae wapi, Zeferino? Juu yake au chini yake?"

"Dakika tano, mama mkubwa. Nayatoa sasa hivi."

Nikaanza kuvuta. Nikavuta mawili, la tatu likakwama, yote yakaniangukia. Yeye akawa anatazama mlimani. Akasema, "Mwanangu, humu ndani cheche moja tu, tutaiva kama soseji. Nyumba yangu umefyeka?"

Nikasema, "Nimefyeka vizuri."

"Basi nakwenda kukaa kwangu mpaka umalize. Goti haliwezi kusimama." Halafu akaliweka begi lake pale kizingitini, sawasawa katikati, kama wanavyofanya zahanati wazee wakichoka kusimama. "Hili linanishikia foleni. Mimi ni wa kwanza. Asije Odete akaniruka."

Nikamwambia nenda.

Nilimwambia mimi, Dada. Hakuna aliyemsihi ahame. Yeye alishahama, nikamrudisha. Nilisema, "Nenda, mama mkubwa, nyumba yako ndiyo salama kuliko zote, nitakupigia filimbi." Akaenda na goti lake taratibu, hata hakugeuka.

Wengine wakafika. Ishirini na sita, pamoja na wajukuu waliokuja likizo, wanatazama magodoro, wananitazama mimi. Upepo ukageuka ghafla. Hapo ndipo nikakumbuka shamba la viazi la Quintino, udongo mtupu, tukakimbilia kule. Begi nililibeba, sijui kwa nini. Filimbi nilipuliza mpaka mdomo ukatoka damu. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa barabara, na barabara ile yenye mikaratusi mpaka ukingoni ilikuwa inawaka pande zote mbili kama tanuri. Ufyekaji wangu ulikuwa mzuri kweli, moto wa chini haukugusa hata kabichi. Cheche zilipita juu, zikaingia chini ya vigae vya paa. Shule nayo ikalipuka, moshi mweusi wa sponji, Quintino akaanza kusali kwa sauti.

Jioni nimekaa chini, nimefunikwa blanketi la zimamoto, akaja Injinia Valdemar na kalamu. Safari hii viatu vilikuwa vyeusi kwa majivu. Akaniuliza, "Yule bibi ilikuwaje?" Akanitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tulikuwa tunaiona ile fomu. Nikasema, "Alikuwa mbishi." Akaandika haraka, kama mtu aliyepewa maji jangwani.

Uliniuliza nani kawaambia. Ni mimi.

Wanasema tarehe ishirini na saba watanipa cheti cha ushujaa. Nikisimama nikasema kweli, mwanasheria wa halmashauri atadaka hapo hapo, atasema mnaona, kosa ni la wanakijiji wenyewe, tangi kavu litasahaulika, na watu wangu watanilaani. Nikinyamaza, mama mkubwa anabaki mbishi kwenye makaratasi ya serikali milele. Begi lipo. Nimelificha ndani ya tanuri la mkate la mama. Sijalifungua.

Niambie nifanye nini.

Z.


Esch, 23 Novemba 2021

Zeferino,

Siku ya kwanza baada ya barua yako sikuweza kwenda kazini. Ya pili nilikwenda, nikasafisha ofisi moja mara mbili.

Unaniuliza ufanye nini. Hapana. Kumi na nane Novemba umeshajua, ndiyo maana umeandika. Usinipe mimi ufunguo wa mlango huo.

Nitakwambia moja tu. Mwezi wa tano uliniandikia habari ya soseji na viatu vyeupe, na mimi nilicheka. Nilimsomea Armindo, naye akacheka. Mwezi wa sita nilishajua magodoro yako wapi. Nikauliza mara moja, ukanizungusha, nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na zamu nyingi na sikutaka ugomvi wa simu. Namba ya halmashauri ninayo. Sikupiga. Na ile mikaratusi ya upande wa kushoto wa barabara ni shamba letu, mimi na wewe. Hilo nalo liingie kwenye ukurasa wako.

Nenda mapema.

Deolinda


Cabeço da Urze, 6 Desemba 2021

Dada Deolinda,

Habari za nyumbani? Shemeji namwonea wivu kwa mgongo wake, wangu sasa unaumwa bila kubeba kitu.

Nilikwenda mapema. Saa moja kabla, ukumbi umefungwa, nikakaa kwenye ngazi na begi mapajani. Askari akaniuliza, "Mzee, una bomu?" Nikamwambia, "Ndiyo."

Ukumbi ukajaa. Mwenyekiti akasoma taarifa, tangi "lilikuwa kwenye matengenezo", barabara "zipo kwenye mpango". Watu wetu wakazomea. Ndipo nikaitwa kupokea cheti. Nikapanda. Sikukipokea. Nikaomba ile fomu ya ukaguzi iletwe, maana kwenye orodha yao waliandika ipo. Wakanong'onezana, ikaletwa. Nikaiinua juu.

"Tazameni hapa pembeni," nikasema. "Hii duara nyekundu ni ya glasi ya mvinyo, na hili doa ni la soseji ya Odete. Shuleni hakuna mvinyo wala soseji. Hii karatasi haijawahi kufika shuleni. Shule ilikuwa na magodoro yangu thelathini na nne, bia na petroli. Injinia kasaini bila kuona, mimi nimesaini nikijua."

Mwanasheria wao akasimama kama nilivyokwambia. "Bwana Zeferino, unaelewa kwamba unajishitaki?"

"Naelewa. Nimekuja na mashahidi." Nikaliweka begi mezani, nikafungua mbele ya watu wote, mara yangu ya kwanza. Vitambulisho. Dawa. Soksi. Mishumaa. Biskuti zimevunjika. Karata. Nikasema, "Mtu aliyekataa kuhama hapakii karata za kuwatuliza wenzake. Huyu mama alifika wa kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia arudi. Mimi ndiye niliyesema alikuwa mbishi. Futeni hilo neno. Mengine yote niandikeni."

Halafu Quintino, nyuma kabisa, akapaza sauti: "Pampu ilikuwa yangu!" Odete naye akasimama, analia na kutukana kwa pamoja: "Na bia zangu! Ila na tangi lenu kavu msijifanye hamsikii!" Mwanasheria akakaa.

Sasa wengine hawanisalimii. Odete ananiuzia kahawa ila anaiweka mezani kwa kishindo. Mwendesha mashitaka kaniita tarehe kumi na tisa Januari, yawezekana kifungo, yawezekana faini, mwanasheria wa bure niliyempata ana umri wa Beatriz. Injinia Valdemar hajafukuzwa. Wamemhamishia idara ya makaburi. Siyo utani wangu, ni wa kwao. Ila wamelazimika kukagua upya vijiji vyote, na kwa miguu. Kijiji cha jirani wamekuta kimbilio ni banda la kuku. Tangi limejazwa wiki jana. Nilipanda nikatumbukiza mkono mpaka kwenye bega, nihakikishe.

Ufunguo nimerudisha. Wamepewa watu wawili, Odete na mjukuu wa Quintino, ili mmoja amtilie shaka mwenzake. Kizibao wameniachia. Nakivaa nikikata mikaratusi yetu ya barabarani, peke yangu. Nimefika nusu.

Begi nikutumie?

Zeferino


Esch, 2 Februari 2022

Mdogo wangu Zeferino,

Hujambo? Huku theluji, Armindo kaanguka nayo, mgongo ukanyooka kidogo. Watoto wazima.

Barua nimepata na kurasa nimehesabu. Zimetimia. Ya Januari uliyosema kwa mwendesha mashitaka nimesikia, hukumu ikitoka usinifiche.

Halmashauri wameniletea taarifa mpya, mimi kama ndugu wa marehemu. Nimesoma kwa sauti jikoni, mara tatu, mpaka Beatriz akatoka chumbani. Imeandikwa: "Marehemu alifika kimbilioni kabla ya wakazi wengine wote." Nimekata kipande hicho kwa mkasi, nikakibandika juu ya saa ya ukutani.

Kama nimekusamehe, sijui. Usiniulize kwa simu wala kwa barua.

Begi usilitume kwa posta. Nakuja Aprili, kabla ya tarehe ya kufyeka. Hiyo nusu ya mikaratusi iliyobaki niachie, tutamaliza wote, na ardhi ni yangu pia. Nimeshakata tiketi. Basi linafika Cabeço saa nne.

Wewe fika saa tatu.

Dada yako,
Deolinda